Pikipiki Iliyolala

Kila mwaka masika yanapokatika, mimi huifungua kabureta ya pikipiki kuukuu iliyo katika stoo ya nyumba yangu hapa Kahororo na kuisafisha, ingawa siku hizi hakuna anayeipanda. Wanangu, waliozaliwa katika dunia ya pikipiki zinazowashwa kwa kidole, huniuliza kwa nini nisimwite fundi. Nawajibu kwamba fundi atatumia waya. Hucheka, kwa sababu hawajui kwamba katika nyumba niliyokulia mimi, kuingiza waya ndani ya kabureta lilikuwa jambo la kuungamia.

Natandika kitambaa cheupe juu ya meza. Naweka beseni la bati, sufuria ndogo, bomba la sindano la kioo na kipande cha uzi wa nyavu. Harufu ya petroli inapopanda, Kahororo inaondoka, nami nimerudi Kagoma, uani kwetu, chini ya ukingo wa paa, Jumamosi asubuhi, baba akiwa mzima.

Baba alikuwa bwana shamba wa kahawa. Pikipiki aliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarejea kwao, nayo ilikuwa imezeeka tayari: tangi lake limebonyea upande mmoja, kiti kimeshonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe. Aliipenda kwa namna ambayo mama alizoea kuitania. Alisema kama ingekuwa mwanamke, yeye angekuwa amekwisharudi kwao.

Vita vilipokuja nilikuwa bado sijaanza shule. Ninachokumbuka zaidi ni barabara. Ndugu zetu wa Bukoba walikuwa wakiteremka kuja kwetu Muleba na magodoro kichwani, mbuzi, vyerehani, na habari zilizobadilika kila saa. Kila mwenye mguu alikuwa anatafuta tairi. Baba akapima, akaona kwamba pikipiki inayowaka haitamaliza juma uani kwetu. Akaivua kabureta, akailaza pikipiki chini ya majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba, na kila aliyeuliza akamjibu kwa neno moja tu: "Imelala."

Kabureta yenyewe aliificha ndani ya kibuyu cha rubisi, akakitundika darini. Nani angetafuta kipande cha pikipiki ndani ya kibuyu cha pombe? Hesabu ilikuwa nzuri. Alichosahau ni kwamba kibuyu kilichowahi kubeba pombe ya ndizi hakikauki kamwe moyoni. Vita vilipokwisha, akakitungua, na iliyotoka humo ilikuwa kabureta iliyopakwa utelezi mweusi, mtamu, uliojaa sisimizi. Aliisuuza haraka haraka kwa sababu alikuwa na hamu ya kupanda, akaifunga, akapiga kiki. Pikipiki iliwaka, lakini kila ilikopita iliacha harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ilitikisika kama mtu anayetoka arusini.

"Bwana shamba, punguza kuinywesha!" watu walimpigia kelele kutoka vibarazani.

Shangazi yetu, dada yake mkubwa, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa katika ukoo mzima, alisema: "Tumelewesha wakwe, tumelewesha makarani. Mdogo wangu ndiye Mhaya wa kwanza kulewesha chuma."

Ndipo zilipoanza zile Jumamosi. Utelezi ule haukutoka kwa mara moja, na baba alilazimika kuifungua kabureta tena na tena, mpaka kazi ya adhabu ikageuka kuwa desturi ya nyumba. Mimi nilishika beseni. Baba alifungua skrubu moja moja na kunitajia kila kitu kinachotoka, kama anayenitambulisha kwa wageni: hili ni bakuli, linamokaa petroli, hii ni floti, kijungu cha shaba kisicho na kitu ndani, kinachoelea bakulini na kuamua petroli iingie kiasi gani, hii ni jeti, ndogo kuliko jino la maziwa, na tundu lake ndilo linalotawala yote. Tundu hilo halikuguswa kwa waya, kwa sababu waya hulipanua. Lilizibuliwa kwa uzi wa nyavu. Gasketi, zile karatasi za kuziba maungio, alizikata kutoka kwenye kalenda za kanisa za miaka iliyopita, akazitoboa kwa msumari. Na kila mahali palipovuja, tangini au kwenye mpira, alipaziba kwa sabuni ya mche, kwa sababu sabuni huyeyushwa na maji lakini petroli haiiwezi.

Mama alikuwa mkunga wa zahanati, na kwake kitu hakikuwa safi mpaka kichemke. Kitambaa cheupe kilikuwa chake, na mpangilio wa vyuma juu yake, kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa wa chumba chake cha kuzalishia. Jumamosi moja alichukua vyuma vyote bila kuuliza, akavitia kwenye sufuria aliyochemshia mikasi.

"Sasa unapika mchuzi wa shaba?" baba akamwuliza.

"Wewe ulipika kwa rubisi, nani alikusema?"

"Hii ni kabureta, mama watoto, haizaliwi!"

Mama alikuwa ameinama juu ya sufuria. Maji yalikuwa bado hayajachemka, lakini kutoka kwenye floti povu dogo lilipanda, likapasuka, likafuatwa na jingine, palepale, kama samaki aliyejificha chini ya jiwe.

"Inapumua," mama akasema.

Baba alisogea, akatazama. Kumbe floti ilikuwa na tundu lisiloonekana kwa macho. Ndiyo maana kwa muda mrefu ilikuwa ikizama na kuiacha petroli ifurike hadi chini, na baba ameibadilishia gasketi mpaka kalenda zikaisha. Fundi redio wa Muleba aliliziba kwa tone la risasi. Tangu siku ile, kuchemsha kukawa sheria, na baba aliwaeleza watu kwamba lilikuwa wazo lake.

Siku nyingine ya aina hiyo, pikipiki ilikataa kuwaka, nami nikamwambia, "Tata, imekufa." Alikunja uso. "Chombo hakifi, mwanangu," akasema. "Chombo hulala. Anayekufa ni mtu." Nililichukua kama somo la lugha, maana baba alipenda Kiswahili kilichonyooka. Nyumbani kwetu, kuanzia hapo, redio ililala, saa ililala, taa ililala.

Kisha ukaja ugonjwa. Mwanzoni haukuwa na jina ambalo mtu angelitamka mbele ya mgonjwa. Wengine walisema silimu, wengine walishusha sauti wakasema "huu wa siku hizi". Kwa baba, mkanda wake ndio uliotangulia kutuambia. Aliutoboa tundu jipya kwa msumari uleule wa gasketi, kisha jingine, kisha jingine. Wakati huo nilikuwa sekondari ya bweni mjini Bukoba, na kila likizo nilimkuta mwepesi zaidi. Hakuweza tena kukaza skrubu. Alikaa juani juu ya mkeka, amevaa sweta, akamwelekeza mama, na mama akafanya.

Alimfundisha pia kuipanda, katika uwanja wa shule ya msingi, yeye akiwa amekaa kwenye jiwe. Watoto walikimbia nyuma ya mama wakiimba "Sista! Sista!" kwa sababu wanawake pekee waliowahi kuwaona juu ya pikipiki walikuwa masista. Mama alivaa suruali ya baba ndani ya gauni. Baba alitaka jambo moja, na alilisema waziwazi mbele yangu: pikipiki ibaki kwa mama. Kina mama wa Kagoma na vilima vya jirani walikuwa wakijifungulia majumbani, na mama aliwafuata kwa miguu. Mara nyingine alifika amechelewa, na tulijua kwa namna alivyovua viatu mlangoni.

Lakini neno la mgonjwa si sheria ya ukoo. Baba alipofariki, sote tulijua kwamba siku ya kuondoa matanga wanaume wangekaa na kugawa vyombo vyake. Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa anaitaka pikipiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchuuzi: alipeleka rubisi visiwani kwa wavuvi, akarudi na samaki, na nyumbani kwake walikuwa wanakula watoto wake pamoja na watoto wa marehemu wengine. Pikipiki ingembebea samaki kutoka mwaloni, mitumbwi inakotua, hadi Muleba kabla hawajalegea. Sababu yake ilikuwa ya kweli. Ya mama pia ilikuwa ya kweli, ila mama hakuwa na kiti katika kikao kile.

Siku moja kabla ya kuondoa matanga, mama akaniita uani. "Lete beseni," akasema. Nilidhani anataka kuisafisha kwa heshima ya marehemu. Alifungua kabureta, akamwaga petroli yote iliyokuwa bakulini, kisha akakata kipande cha sabuni ya mche, kidogo kama punje ya mahindi, akakishindilia kwenye njia ambayo petroli huingilia kutoka tangini. Akaifunga. Kwa nje hakuna kilichopungua.

"Kibuyu tena hapana," akasema, akanawa mikono.

Kikao kilikaa mchana, chini ya migomba ya kibanja chetu. Zamu ya pikipiki ilipofika, baba mdogo alisimama kwa adabu.

"Shemeji, sikufichi. Samaki wananiozea mwaloni. Baiskeli haifiki. Na wewe, pikipiki ya nini? Wewe mwenyewe sasa…"

Akakatisha. Kila mtu alielewa. Siku zile, mume akitangulia kwa ugonjwa ule, mkewe alitazamwa kama mtu aliyekwishafunga mzigo.

"Malizia," shangazi akamwambia. "Wewe mwenyewe sasa nini?"

Baba mdogo aliiendea pikipiki, akapiga kiki. Akapiga tena. Akavua koti. Mzee mmoja alimshauri aisukume. Wakaisukuma mpaka kwenye mibuni na kuirudisha. Mwingine aliitikisa. Jasho lilimtiririka baba mdogo mpaka shati likamganda mgongoni.

"Shemeji," akasema akihema, "hii ina nini?"

Mama alikuwa amekaa chini na wanawake, macho yake kwenye mkeka. Nilimwona akikunja ncha ya khanga yake, akiikunjua, akiikunja.

"Imekufa," akasema.

Sikuwahi kulisikia neno lile likitamkwa kwa pikipiki tangu siku baba aliponikosoa. Lilinipata kama taarifa mpya ya msiba. Baba mdogo naye alirudi nyuma hatua, akautoa mkono wake kwenye usukani.

Shangazi alimtazama mama kwa muda, kisha akatazama mikono yake. Sijui aliona nini. "Basi imemfuata mwenyewe," akatangaza. "Mnataka kumpokonya marehemu hata huko aliko? Atembee kwa miguu peponi, bwana shamba mzima? Iacheni."

Watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu maziko. Baba mdogo akachukua baiskeli yake na koti lake. Waliponyanyuka kwenda, mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Neno lile nitaliungama. Sabuni sitaitoa."

Ikawa hivyo kwa muda. Pikipiki ilisimama ukutani imefunikwa gunia, nyumba ya baba mdogo ikiwa kandokando ya barabara ambayo ni lazima mama aipite, na mama akaendelea kutembea. Alikuwa ameipata pikipiki kwa kuipoteza.

Alasiri moja, nikiwa likizo, mwanamume mmoja alifika akikimbia kutoka kilima cha mbali. Mkewe alikuwa na mapacha. Wa kwanza amezaliwa, wa pili amegoma, na mama mtu nguvu zinamwishia. Mama alitazama jua, akatazama kilima.

"Lete beseni," akasema.

"Mawe," nikamwambia mama, "baba mdogo yupo nyumbani. Atasikia."

"Na mtoto yupo njiani. Lete."

Sijapata kuona mikono ikifanya kazi namna ile. Aliizibua sabuni kwa kijiti cha mwanzi, akaisukuma petroli kwa bomba la sindano mpaka ikatoka safi upande wa pili, akafunga. Alivaa ile suruali. Pikipiki ilikataa kiki ya kwanza na ya pili, ikakubali ya tatu, na mama akaondoka na mkoba wake begani, akapita mbele ya nyumba ya shemeji yake kwa mlio uliosikika hadi kanisani. Mapacha wote wawili walipona, na mama yao pia.

Jumapili, baada ya misa, tulimwona baba mdogo akija kwenye njia ya kibanja. Nilikimbilia kisu na sabuni. Mama aliviondoa mkononi mwangu, akaurudisha mche wa sabuni kwenye kisahani chake.

"Neno lile nimelisema mara moja," akasema. "Linatosha."

Baba mdogo hakukaa. "Shemeji, nasikia kilichokufa kimefufuka. Siku ya tatu, kama Maandiko?"

"Siku ya mapacha."

"Ulinidanganya mbele ya ukoo."

"Nilikudanganya, shemeji."

Nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi, na kuukosa kulimchanganya. Akaivuta pikipiki, akapiga kiki moja, ikawaka. Mama alibaki uani mpaka mlio ukapotea upande wa ziwani. Kisha akaukung'uta mkoba wake vumbi, akauangika. Kesho yake aliitwa kilimani tena. Alikwenda kwa miguu, na jioni aliporudi alivua viatu taratibu.

Hazikupita wiki nyingi. Nilikuwa napepeta maharage nilipomwona baba mdogo anapandisha mlima akiisukuma pikipiki, peke yake, akisimama kila mara. Mama alitoka jikoni. Aliitazama shingo yake kabla ya kuitazama pikipiki: kola ya shati ilikuwa imelegea, ingeingia mkono mzima. Mkanda wake ulikuwa na tundu jipya, limetobolewa kwa msumari.

"Shemeji," akasema baba mdogo, akiegemea ukuta, "imekufa."

"Imelala," mama akajibu. "Kaa."

Nilileta beseni bila kuambiwa. Mama alitandika kitambaa, akafungua bakuli la kabureta, na ndani yake petroli haikuwa petroli: maji ya kahawia, na chini tope zito linalonata. Mama akainusa. Akanipa nikanusa. Kisha akampa baba mdogo.

"Petroli uliibebea kwenye nini, shemeji?"

"Dumu."

"Dumu la nini?"

Baba mdogo alitazama miguu yake. "La rubisi," akasema.

Mama akaanza kucheka, nami nikafuata, na mwishowe baba mdogo mwenyewe akacheka mpaka akashika ubavu.

"Na wewe!" mama akasema akijifuta machozi. "Mama yenu aliwanyonyesha nini nyinyi?"

"Si unajua, shemeji! Ndiyo hiyohiyo!"

Kicheko chake kikageuka kikohozi, na kikohozi kilikaa muda mrefu kuliko kicheko. Mama alingoja. Kilipotulia, alimpa jeti aishike, akamwambia ni ndogo, asiiangushe. Uzi wetu ulikuwa umechakaa. Baba mdogo alijipapasa mfukoni, akatoa kipande cha uzi wa nyavu, akakipitisha mwenyewe katika kile kitundu, polepole, ulimi nje kama mwanafunzi, mpaka akaona mwanga upande wa pili.

Maji yalipokuwa jikoni, mama alisema bila kumtazama, "Jumatatu njoo zahanati."

"Kufanya nini?"

"Kuja tu."

Baba mdogo alitazama sufuria. Floti haikutoa povu hata moja.

"Nitakuja," akasema. "Lakini lile neno, shemeji, ulilolisema siku ile. Nami usije ukanisemea mapema."

"Sitalisema."

"Na hii ibaki hapa. Kwangu italala kila siku."

Mama aliitikia kwa kichwa tu. Alifunga skrubu ya mwisho, akavaa suruali ya baba, akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, haina harufu ya ndizi.

"Panda, nikurudishe."

Baba mdogo akashika usukani kwa mazoea.

"Nyuma," mama akasema. "Mbele nipo mimi."

"Shemeji! Mwanamume kubebwa na mwanamke, Kagoma nzima ikitazama? Watasema nini?"

"Watasema ulikuja ukiisukuma."

Akapanda. Kwanza alishika kiti, kisha barabara ilipoanza kuteremka alimshika shemeji yake mabegani, kama mtoto anayerudishwa kutoka kliniki. Mimi nilibaki na sufuria, maji bado ya moto, nikiufuata mlio. Ulipita kwa majirani, ukapita kanisani. Walipofika kwenye mlima mkali kuliko yote nikasikia mama akibadilisha gia, na injini ikapokea, bila kukohoa.